Mtani si Adui: Fahari ya Vyuo vya Askari na Funzo la Soko la Burma

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Ukweli wa methali hii hudhihirika wazi katika Soko la Burma, mashariki mwa jiji la Nairobi, karibu na Barabara ya Jogoo, mahali ambapo harufu ya nyama choma humlaki mpita njia kabla hajayaona mabucha yenyewe. Sokoni humo huketi watu wa kila tabaka: makuli, makarani, makanga wa matatu na wanafunzi. Miongoni mwao aghalabu hawakosekani askari walio likizoni pamoja na wastaafu waliokwisha kuvua sare. Hao wakikutana mezani, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kugeuka majigambo. Aliyefunzwa Kiganjo humwambia wa Embakasi kwamba yeye hakufunzwa bali alifugwa. Wa Embakasi hujibu kwamba Kiganjo ni baridi tu, wala baridi haimfanyi mtu kuwa askari. Wa Lanet huwatazama wote wawili kama watoto, na askari magereza wa Ruiru huwakumbusha kwamba wote, wakikosea, watakuja kwake. Wanacheka, wanaongeza kachumbari, na mwisho wa yote mmoja hulipia nyama ya wengine.

Makala haya yanashikilia kwamba majigambo ya namna hii si upuuzi, na wala si hatari kwa taifa kama baadhi ya watu wanavyodhani. Ni sura mojawapo ya utani, na utani ni asasi kongwe ya jamii za Afrika Mashariki yenye kanuni zake. Hata hivyo, utani husimama juu ya masharti mawili. Kwanza, watani sharti wakutane mara kwa mara, hadharani na chini ya sheria moja. Pili, sharti wajuane kwa lugha na kwa kazi kiasi kwamba siku ya msiba hakuna anayeuliza mwenzake ni nani. Sharti mojawapo likikosekana, utani hugeuka uhasama, na gharama yake hulipwa kwa damu.

Ni vyema dhana yenyewe ifafanuliwe, kwa kuwa siku hizi neno utani limepunguzwa hadi likawa na maana ya mzaha tu. Katika jamii nyingi za Tanzania, utani ni uhusiano unaompa mtu haki ya kumtukana mwenzake bila ya kushtakiwa. Haki hiyo huandamana na wajibu. Mtani ndiye afikaye matangani na kushika kazi ambazo wafiwa hawaziwezi. Huchekesha penye kilio, huchimba kaburi, husimamia chakula. Wazee husimulia kwamba utani wa baadhi ya makabila ulizaliwa baada ya vita: waliopigana walipochoka kuuana, waliyageuza mapigano kuwa maneno. Si ajabu basi kwamba mashabiki wa Simba na Yanga mjini Dar es Salaam huitana watani wa jadi. Adui hutaka uishe. Mtani hutaka uwepo ili apate wa kumshinda.

Kwa mtazamo huu, vyuo vya askari nchini Kenya vina kila sababu ya kuwa watani. Kiganjo iko Nyeri, chini ya Mlima Kenya, na baridi ya alfajiri yake ni somo la kwanza kwa kila kurutu wa polisi. Embakasi imewalea askari wa utawala jijini Nairobi. Lanet, karibu na Nakuru, ni nyumbani kwa chuo cha maafisa wa kijeshi. Ruiru huwafunza askari magereza, Gilgil huwapokea vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na Manyani, katika joto la Tsavo, huwaandaa walinzi wa wanyamapori. Kila chuo hunyoa nywele za kijana, humvua nguo za nyumbani, humpa nambari, na kwa muda humnyang'anya hata jina. Ni lazima kimpe kitu badala ya vile alivyopoteza. Kinachompa ni fahari ya mahali. Kijana aliyefika langoni akiwa mtoto wa fulani kutoka kijiji fulani hutoka akiwa mtu wa Kiganjo au mtu wa Lanet. Hukimbia kilima asichokiweza kwa kuwa anaogopa kukiaibisha kikosi chake kuliko anavyoogopa kilima.

Wanafunzi wa fasihi simulizi hawana haja ya kuelezwa kwamba hapa ndipo yalipo makao ya majigambo. Shujaa wa majigambo hajisifu gizani. Hujisifu mbele ya hadhira, na ndani ya hadhira hiyo sharti awepo anayeweza kumjibu. Nyimbo za mchakamchaka zinazoimbwa na makurutu kabla ya jua kuchomoza zina sifa zilezile: mwimbishaji na waitikiaji, chuku, kejeli kwa chuo jirani, na kiapo cha kutoshindwa. Inasikitisha kwamba utanzu huu haujapewa nafasi ya kutosha katika tasnifu za vyuo vikuu, ilhali huimbwa kila siku ya Mungu umbali mfupi kutoka madarasa ambamo nadharia za fasihi simulizi hufundishwa.

Matunda ya fahari hii hayakosi kuonekana. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, Naftali Temu aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mbio za mita 10,000. Temu alikuwa mwanajeshi. Siku chache baadaye Kipchoge Keino alishinda mita 1,500. Keino alikuwa polisi, na alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo palepale Kiganjo. Jeshi na polisi walisimama jukwaani chini ya bendera moja. Kwa miaka mingi vikosi vya Kenya vimekuwa vikifanya mashindano yao ya riadha, kila kimoja nyumbani kwake, kisha vikakutana katika mashindano ya kitaifa ambako jeshi, polisi na magereza hupimana ubavu. Kandanda nayo ina ushahidi wake. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi iliyoundwa mwaka 1995 kwa kuunganisha timu za kambi mbalimbali, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya miaka ya 2003, 2004, 2005 na 2010. Polisi walisubiri hadi mwaka 2025 ndipo timu yao ya wanaume ikatwaa taji hilo kwa mara ya kwanza. Hakuna shaka kwamba kule kutangulia kwa jeshi kulikuwa mwiba uliowazuia polisi kulala.

Jambo hili halikomei Kenya. Visiwani Zanzibar, ligi kuu imejaa majina ya vikosi: KMKM ya wanamaji, JKU ya vijana wa jeshi la kujenga uchumi, Mafunzo ya magereza na Zimamoto ya wazima moto. Zote nne zimewahi kutwaa ubingwa wa visiwani. Mwaka 2005 majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalianza michezo yao ya pamoja, ambayo huandamana na maonyesho ya utamaduni. Wanajeshi waliofunzwa Lanet, Monduli na Kabamba hukutana uwanjani kabla ya kukutana mpakani, na wanapotaniana hawana budi kutafuta lugha moja. Lugha hiyo, kwa kiasi kikubwa, ni Kiswahili.

Iwapo yupo anayedhani kwamba mambo haya yaliletwa na wakufunzi wa kigeni, historia ya Waswahili itamsahihisha. Mwishoni mwa karne ya 19 ilichipuka katika miji ya pwani ya Kenya ngoma iliyoitwa beni. Wachezaji walijipanga kwa gwaride, wakavaa mavazi ya kuiga sare, wakapeana vyeo vya wafalme, majenerali na makapteni. Vyama vilikwenda viwili viwili, kwa kuwa ngoma isiyo na mshindani haikuwa na ladha. Mombasa walikuwapo Kingi na Skochi. Kisha walitokea Arinoti na Marini, waliovuma Tanga, Dar es Salaam na hata bara wakati askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia walipoisambaza ngoma hiyo. Terence Ranger, mwanahistoria aliyechapisha kitabu juu ya beni mwaka 1975, alionyesha kwamba vyama hivyo havikuwa vya kuiga Wazungu tu. Vilikuwa vyama vya kusaidiana katika ugonjwa na maziko. Waliotukanana kwa mashairi jioni walikuwa na utaratibu wa kuzikana asubuhi. Yaani Waswahili walilitwaa gwaride la mkoloni, wakalitia ndani yake kanuni za utani.

Soko la Burma limebeba kumbukumbu ya sura iliyofuata ya historia hiyo. Kama ambavyo mtaa wa Kariokor, usio mbali na hapo, ulivyorithi jina la kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza, ndivyo Burma ilivyorithi jina la nchi ya mbali ambako askari wa King's African Rifles walipelekwa katika vita vya pili. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa nembo ya kichwa cha kifaru, ilipita katika Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, katika matope na malaria, hadi ikafika Kalewa kando ya Mto Chindwin mwezi wa Desemba. Ndani ya divisheni hiyo, Brigedi ya 25 ilikuwa na batalioni tatu: ya 11 kutoka Kenya, ya 26 kutoka Tanganyika na ya 34 kutoka Uganda. Muundo huo unastahili kutafakariwa. Vijana wa nchi tatu, kila kundi na nambari yake na fahari yake, waliwekwa chini ya amri moja. Kila batalioni ilitaka isisemwe kwamba ndiyo iliyobaki nyuma. Hata hivyo, hakuna ambayo ingeweza kuvuka bonde lile peke yake.

Si haki kuipamba hadithi hii kupita kiasi. Fahari ya batalioni ilikuwa pia chombo cha mkoloni. Mwafrika alilipwa kidogo kuliko Mzungu aliyebeba bunduki ileile, na aliporudi nyumbani alikuta sheria zilezile za ubaguzi alizoziacha. Kusifiwa kwa ushujaa kulikuwa rahisi kuliko kulipwa kwa ushujaa. Funzo hapa ni kwamba fahari ya askari inaweza kutumiwa na mwingine kwa manufaa yake, na kwa hivyo sharti iwe na mwenyewe. Mwenyewe wa fahari ya vyuo vya leo ni raia. Chuo kisichojua kwamba kinajigamba kwa niaba ya raia kitajigamba dhidi yake, na raia wa Eastlands wamekwisha kuona yote mawili.

Wapo wanaopinga. Hoja yao ni kwamba kikosi kinachojipenda mno hukisahau kikosi jirani, na hatimaye hulisahau taifa. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali. Kambi yao ya Eastleigh iko katika Eastlands hiihii. Jaribio hilo lilizimwa na wenzao wa nchi kavu, na watu wengi wakapoteza maisha. Adhabu iliyofuata ina maana kubwa kwa mada hii: Jeshi la Anga lilivunjwa na kunyang'anywa jina, likabandikwa nambari ya mwaka wa aibu, 82, hadi liliporejeshewa jina lake mwaka 1994. Waliotoa adhabu hiyo walijua kwamba jina la kikosi si herufi tupu.

Mfano wa pili una uchungu zaidi kwa kuwa hapakuwa na mwasi hata mmoja kati ya waliohusika. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na kuwaua watu 67. Kikosi maalumu cha polisi kilitangulia kuingia, kisha wanajeshi wakafuata. Vyombo vya habari viliripoti kwa mapana kwamba kamanda wa polisi hao aliuawa kwa risasi iliyotoka upande wa wenzake, na kwamba pande hizo mbili hazikuwa na amri moja wala mawasiliano ya pamoja. Wote walikuwa mashujaa. Wote walifunzwa vyema, kila mmoja kwake. Kilichokosekana ni ule ujuzi wa mtani, ambaye humtambua mwenzake hata gizani kwa sababu amekwisha kumtania mara elfu mchana. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na siku ile kunguru walikuwa ndani ya jengo.

Je, dawa ni kuifuta tofauti? Serikali imejaribu njia inayokaribia hiyo. Katiba ya mwaka 2010 iliwaweka polisi wa kawaida na polisi wa utawala katika Huduma moja ya Taifa ya Polisi chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Mwaka 2018 ilitangazwa sare mpya ya rangi ya buluu, na maelfu ya askari wa utawala wakahamishiwa upande wa pili. Amri moja ni jambo jema, na aliyesoma habari za Westgate hawezi kuipinga. Lakini sare haishoni mioyo. Askari aliyevaa buluu bado huulizwa na mwenzake, "Wewe ni wa Kiganjo au wa Embakasi?" Swali hilo halitafutika kwa waraka, na hakuna sababu ya kulifuta. Linalofaa ni kulipa mahali pake. Makurutu wa vyuo mbalimbali washindane wangali makurutu, katika mbio, katika shabaha, katika midahalo na katika nyimbo. Wafanye zoezi la uokoaji pamoja kabla ya gwaride la kufuzu, chini ya kamanda mmoja, na kwa ishara na istilahi zilezile. Atakayefuzu baada ya hapo atakuwa na chuo chake cha kujivunia na watani wa kuwajibikia.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoingia, kwa kuwa istilahi za pamoja haziundwi kwa bunduki. Askari wa King's African Rifles walikuwa na Kiswahili chao, kilichoitwa Kikeya. Kwa miaka mingi wataalamu walikidharau kwa kukiona kama Kiswahili kilichovunjika, kisicho na upatanisho wa kisarufi na kilichojaa amri. Mwaka 2004 Mungai Mutonya na Timothy Parsons walichapisha utafiti uliokichukulia Kikeya kuwa lahaja yenye historia na kazi yake. Walifanya jambo la maana. Lugha iliyowawezesha Mkamba, Myao, Mluo na Mnandi kuelewana chini ya risasi haiwezi kuhukumiwa kwa ngeli peke yake. Neno afande, lililosafiri kutoka Kituruki, bado hutamkwa katika kila kituo cha polisi. Mguu sawa na mguu pande hueleweka na mtoto wa shule ya msingi. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Pamoja na hayo, askari wa vikosi tofauti wanapopeana maagizo mazito mara nyingi hukimbilia Kiingereza, kila kikosi kwa vifupisho vyake, ilhali katika meza za Burma huelewana bila ya mkalimani.

Kazi iliyopo inajulikana. Wakongwe wa vita vya Burma waliobaki ni wachache mno, na kila anayeondoka huondoka na msamiati. Waliofuzu miaka ya 1960 na 1970 wangalipo, na wengi wao hula nyama Jumamosi katika masoko ya Eastlands. Nyimbo zao za mchakamchaka, majina ya kejeli waliyopeana na amri walizopokea ni data ambayo haihitaji ruzuku kutoka ng'ambo. Inahitaji mwanafunzi mwenye daftari, heshima na nauli ya matatu. Kamusi ndogo ya istilahi za vikosi, itakayotungwa kutokana na Kiswahili ambacho askari wenyewe wanakitumia, ingekuwa mchango kwa isimujamii na kwa usalama wa raia kwa pamoja.

Tena, wanafunzi hao wasijione kuwa nje ya somo hili. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina fahari zao. Kila kimoja hudai kwamba chake ndicho kisima cha lugha na vingine ni madimbwi. Na waendelee kudai hivyo, mradi wakutane katika makongamano, wasahihishane makala, na wasafiri kumzika wa chuo kingine anapofariki. Anayekosa mshindani hukosa pia kipimo.

Tamati ya yote irudi palepale sokoni. Jina la Burma lililetwa na watu walioondoka wakiwa na nambari tofauti begani na kurudi wakiwa na hadithi moja. Wanaoketi hapo leo, wa Kiganjo, wa Embakasi, wa Lanet na wa Ruiru, hugombana kwa maneno juu ya kipande kimoja cha nyama, kisha hukigawana. Taifa linaloweza kuwafundisha watu wake kugombana hivyo halina haja ya kuogopa majigambo yao. Lenye kuogopwa ni siku watakapoacha kutaniana, kila mmoja akala kwake, wasijuane tena sauti.